KISUKARI HAKIANZI SIKU YA KIPIMO: Jinsi hatari ya maradhi haya inavyojengeka tangu tumboni hadi uzeeni

Kisukari ni miongoni mwa maradhi yasiyoambukiza ambayo hivi sasa yanazielemea jamii nyingi duniani, zikiwemo jamii za visiwani. Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, mwaka 2024 watu wazima wapatao milioni 589, wenye umri wa kati ya miaka 20 na 79, walikuwa wakiishi na maradhi hayo. Zaidi ya wanne katika kila kumi kati yao walikuwa hawajui kwamba wanayo.

Watu wengi huyahesabu maradhi haya tangu siku walipopewa jibu la kipimo. Husemwa kwamba fulani kapata sukari mwaka uliopita, kana kwamba ni homa iliyomwingia wakati wa masika. Hali halisi sivyo ilivyo. Hatari ya kisukari hujengeka kidogo kidogo katika umri wote wa binadamu, na msingi wake huweza kuwekwa kabla hajazaliwa. Jambo la faraja ni kwamba katika kila hatua ya umri ipo nafasi ya kuipunguza hatari hiyo. Ndiyo maana inafaa kila mwananchi, mwenye afya na mwenye maradhi, aelewe safari hiyo tangu mwanzo wake.

KISUKARI NI NINI

Chakula anachokula binadamu, hasa wali, muhogo, mkate, ndizi na vitu vitamu, husagwa tumboni na kugeuka kuwa sukari inayoingia katika damu. Ili sukari hiyo itoke katika damu na kuingia katika misuli na sehemu nyengine za mwili, huhitajika homoni iitwayo insulini. Homoni hiyo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilichopo nyuma ya tumbo la chakula. Insulini ikikosekana, au mwili ukishindwa kuitumia ipasavyo, sukari hubakia katika damu na kuharibu taratibu mishipa ya damu, macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu.

Zipo aina mbili kubwa za kisukari. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili wenyewe hushambulia chembechembe za kongosho zinazotengeneza insulini mpaka zikaisha. Aina hii huwapata zaidi watoto na vijana, na mgonjwa hawezi kuishi bila ya kuchomwa insulini. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa zaidi ya 9 katika kila 10, mwili huwa mzito kuitikia insulini. Kongosho hulazimika kufanya kazi ya ziada miaka mingi, na mwishowe huchoka. Hatari inayojengeka katika umri wote, kama itakavyoelezwa hapa, ni hasa ya aina hii ya pili.

KABLA YA KUZALIWA

Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, sehemu ya magharibi ya Uholanzi ilikumbwa na njaa kali baada ya majeshi ya Ujerumani kuzuia chakula. Katika mji wa Amsterdam posho ya mtu mzima ilishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Miongoni mwa walioshinda na njaa hiyo walikuwamo mama wajawazito. Vita vilikwisha, chakula kikapatikana, na watoto waliozaliwa wakati ule wakakua katika nchi yenye neema. Walipofikia umri wa miaka 50 hivi, wataalamu waliwapima. Waliokuwa tumboni wakati wa njaa walionekana kushindwa kuidhibiti sukari katika damu kuliko wenzao waliozaliwa kabla ya njaa hiyo au waliotungwa mimba baada yake.

Ushahidi kama huo ulipatikana Uingereza, katika jimbo la Hertfordshire. Kuanzia mwaka 1911 wakunga wa jimbo hilo walikuwa wakiandika katika madaftari uzito wa kila mtoto anapozaliwa na anapotimiza mwaka mmoja. Madaftari hayo yalihifadhiwa. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 1991, wataalamu David Barker na Nicholas Hales waliwapima wanaume waliokuwa wameandikwa humo, wakati huo wakiwa na umri wa miaka 60 na zaidi, na wakagundua kwamba waliozaliwa na uzito mdogo ndio waliopatikana zaidi na kasoro ya sukari katika damu.

Maelezo ya wataalamu ni kwamba mtoto aliyekosa lishe tumboni huuandaa mwili wake kwa maisha ya uhaba. Chakula kidogo anachokipata huelekezwa kwanza kwenye ubongo, na viungo vyengine, likiwemo kongosho na misuli, hupata fungu dogo. Mtoto huyo akiishi katika uhaba, huenda asidhurike. Lakini akija kukutana na shibe kubwa na kazi za kukaa, kongosho lake haliwezi kuuhimili mzigo huo.

Funzo la habari hizi lisichukuliwe kuwa ni lawama kwa mama. Mama mjamzito hula kile ambacho nyumba yake imempatia. Katika nyumba ambayo samaki na mboga hugawiwa wengine kwanza na mama akabakiwa na wali na mchuzi mtupu, au anapochota maji na kubeba mizigo mpaka siku ya kujifungua, uamuzi haukuwa wake peke yake. Lishe ya mama mjamzito ni dhamana ya mume, ya wazee na ya jirani pia. Dagaa, kunde, choroko, mayai, mchicha na matunda ya msimu ni vyakula vinavyopatikana visiwani na vinavyomjenga mtoto aliye tumboni.

MIAKA MIWILI YA MWANZO

Baada ya vita, Uingereza iliendelea kuwagawia wananchi wake sukari kwa kipimo hadi mwezi wa Septemba 1953. Kipimo kilipoondolewa, matumizi ya sukari yalikaribia kuongezeka mara mbili kwa muda mfupi. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2024, watu waliotungwa mimba na kulelewa wakati wa kipimo walilinganishwa na wale waliofuatia baada tu ya kipimo kuondolewa. Hatari ya kisukari cha aina ya pili kwa wale wa mwanzo ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 35, na waliougua miongoni mwao walichelewa kuugua kwa kiasi cha miaka minne. Watu hao hawakuwa wa nchi mbili wala wa vizazi viwili. Walipishana umri kwa muda mfupi tu.

Kwa hiyo chai yenye sukari nyingi, juisi za paketi na biskuti si chakula cha mtoto mchanga, hata kama zinamnyamazisha kulia. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha apewe vyakula vya nyumbani vilivyopondwa huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka miwili au zaidi. Kunyonyesha humlinda mtoto na humpunguzia mama mwenyewe hatari ya kupata kisukari baadaye. Vilevile kadi ya kliniki ya mtoto isitupwe. Uzito ulioandikwa humo ni kumbukumbu ya maisha, kama madaftari ya wakunga wa Hertfordshire yalivyothibitisha.

UTOTO NA UMRI WA SKULI

Katika umri huu wazazi wanapaswa kuzijua hatari mbili zilizo tofauti.

Hatari ya kwanza ni kisukari cha aina ya kwanza, ambacho hutokea ghafla na hakisababishwi na kula vitu vitamu. Mtoto huona kiu isiyokatika, hukojoa mara kwa mara, huanza tena kukojoa kitandani ingawa alikwisha kuacha, na hukonda ilhali anakula. Akichelewa kutibiwa huanza kutapika, hupumua kwa nguvu na kwa kasi, pumzi yake hutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, na hatimaye hupoteza fahamu. Dalili hizi mara nyengine hudhaniwa kuwa ni malaria kali au mambo ya kishirikina, na mtoto hupoteza maisha wakati tone moja la damu lingetosha kuonesha ukweli. Kabla ya mwaka 1922 maradhi haya hayakuwa na tiba. Mwezi wa Januari mwaka huo, katika mji wa Toronto nchini Kanada, kijana Leonard Thompson mwenye umri wa miaka 14 alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini iliyotokana na kazi ya Frederick Banting na wenzake. Tangu hapo mtoto mwenye kisukari anaweza kukua, kusoma na kuzeeka, alimradi asikatishiwe sindano zake. Hakuna mizizi wala majani yanayoweza kuchukua nafasi ya insulini kwa mtoto huyo.

Hatari ya pili ni ile inayojengeka polepole. Unene wa kupita kiasi katika jamii nyingi huonekana kuwa ni dalili ya afya na malezi mema, lakini mtoto aliyenenepa mno huubeba mzigo huo hadi utu uzima. Chupa moja ya soda ya kawaida ya mililita 300 huwa na sukari ya takriban vijiko vidogo 8. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima isizidi kiasi cha vijiko 12 kwa siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya vijiko 6. Mtoto wa skuli anayekunywa soda moja wakati wa mapumziko amekwisha kukipita kiwango hicho bora kabla hajarudi nyumbani.

Wakati wa balehe mwili kwa kawaida hupunguza mwitikio wake kwa insulini kutokana na homoni za ukuaji, na kongosho hufanya kazi zaidi. Kwa vijana wengi hali hiyo hupita. Kwa kijana mnene asiyecheza wala kutembea, na ambaye wazazi wake wana kisukari, huweza isipite. Hii ndiyo sababu kisukari cha aina ya pili, ambacho zamani kiliitwa cha watu wazima, sasa kinaonekana hata kwa vijana katika nchi mbalimbali.

WAKATI WA UJA UZITO

Uja uzito ni mtihani wa asili kwa kongosho. Homoni zinazotoka katika kondo la nyuma huuzuia mwili kuitikia insulini kama kawaida, na kongosho lisipoweza kuongeza juhudi, mama hupata kisukari cha uja uzito. Mara nyingi hakina dalili yoyote. Kipimo chake hufanywa kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na ya 28, na mapema zaidi kwa mama mwenye historia ya maradhi haya katika ukoo wake, au aliyewahi kujifungua mtoto wa zaidi ya kilo 4.

Ikumbukwe kwamba mtoto mkubwa sana anapozaliwa si mara zote ni jambo la kujivunia. Huenda amelishwa sukari ya ziada kupitia damu ya mama yake, na yeye pia huwa katika hatari ya unene na kisukari ukubwani. Hivyo njaa ya mama na sukari ya mama, ingawa ni mambo yanayopingana, humfikisha mtoto mahali pamoja.

Baada ya kujifungua, sukari ya mama kwa kawaida hurudi katika hali yake, na hapo ndipo kosa kubwa hutendeka. Mama huambiwa kapona, naye hasimami tena mbele ya kipimo. Ukweli ni kwamba mwanamke aliyepata kisukari cha uja uzito ana hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili mara saba au zaidi kuliko mwenzake ambaye hakukipata. Anapaswa kupimwa tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu katika maisha yake yote.

UTU UZIMA

Kati ya umri wa miaka 30 na 60, yale yaliyojengeka nyuma huanza kudai haki yake. Mafuta yanayojilimbikiza tumboni na kwenye ini huuzidishia mwili uzito wa kuitikia insulini. Kukaa kutwa nzima dukani, ofisini au kwenye usukani huipumzisha misuli, ambayo ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari ya damu. Uvutaji wa sigara nao huongeza hatari hiyo.

Wakati huo mtu hahisi maumivu. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliowafuatilia wagonjwa wapya zaidi ya 5,000 kuanzia mwaka 1977 na kutoa matokeo yake mwaka 1998, ilibainika kwamba siku mgonjwa anapogunduliwa, kongosho lake huwa limekwisha kupoteza takriban nusu ya nguvu zake. Kwa maneno mengine, maradhi yalikuwapo miaka mingi kabla ya kiu na kukojoa. Wapo wanaoyagundua kwa kidonda cha mguu kisichopona au macho yaliyoanza kufifia, na hapo matibabu huwa ni ya kuokoa kilichobakia.

Historia ya kisiwa cha Nauru katika Bahari ya Pasifiki ni fundisho kwa wakaazi wa visiwa vyote. Wakaazi wake waliishi kwa uvuvi na nazi. Kisiwa kilipata uhuru mwaka 1968 na kutajirika kwa madini ya fosfeti. Uvuvi na kilimo vikaachwa, na mchele mweupe, sukari, vinywaji vitamu na nyama za makopo zikaletwa kwa meli. Uchunguzi uliofanywa katikati ya miaka ya 1970 ulionesha kwamba takriban thuluthi moja ya watu wazima wa kisiwa hicho walikuwa na kisukari. Damu ya watu hao haikubadilika katika kizazi kimoja. Kilichobadilika ni chakula na kazi.

Tanzania nayo imo katika mabadiliko. Utafiti uliotangazwa mwaka 1989 kutoka vijiji sita vya Tanzania Bara uliwakuta na kisukari watu wasiofikia mmoja katika kila 100. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania Bara wa mwaka 2012 uliwakuta nacho takriban 9 katika kila 100 miongoni mwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo mbili hazilingani kwa umri wala kwa maeneo, hivyo tarakimu zake zisipimwe moja kwa moja, lakini mwelekeo wake hauna shaka.

Pamoja na hayo, umri huu ndio wenye ushahidi mkubwa kwamba kisukari kinazuilika. Mwaka 2002 Marekani ilitangaza matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila ya kufikia kiwango cha maradhi. Waliopunguza uzito wao kwa kiasi cha asilimia 7 na kutembea kwa haraka jumla ya dakika 150 kwa wiki, waliipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa peke yake waliipunguza kwa asilimia 31. Katika mji wa Da Qing nchini China, watu walioanza kufuata utaratibu kama huo mwaka 1986 walifuatiliwa kwa miaka 30, na walionekana kuchelewa kuugua kwa karibu miaka minne na kuishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao.

UZEENI

Kadiri umri unavyosonga, misuli hupungua na kongosho hulegea, hivyo hatari huongezeka hata kwa mtu mwembamba. Hata hivyo si kweli kwamba mzee amechelewa. Katika utafiti huo wa Marekani, waliofaidika zaidi na mazoezi na chakula bora walikuwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ambao hatari yao ilipungua kwa asilimia 71.

Kwa mzee anayetumia dawa, sukari kushuka mno ni hatari kama kupanda. Mzee anayetetemeka, anayetoka jasho la baridi au anayechanganyikiwa ghafla baada ya kumeza vidonge bila ya kula apewe kitu chenye sukari mara moja, ikiwa bado anaweza kumeza, kisha apelekwe hospitali. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari amuone daktari kabla ya kuingia mwezi wa Ramadhani, ili aelezwe kama anaweza kufunga na dozi zake zitapangwaje.

MAMBO YA KUZINGATIA

Wananchi wanashauriwa kuyazingatia mambo yafuatayo:

(a) Mtu mzima apime sukari, hasa aliyefikia umri wa miaka 35 au zaidi, mwenye tumbo kubwa, mwenye shindikizo la damu, mwenye mzazi au ndugu mgonjwa, na mama aliyewahi kupata kisukari cha uja uzito. Sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula asubuhi ni dalili ya kisukari, na hupimwa tena kwa uthibitisho.

(b) Kila mtu ajipime kiuno kwa kamba. Kamba yenye urefu sawa na kimo chake ikunjwe katikati. Ikiwa haizunguki kiunoni, mafuta ya tumboni yamezidi.

(c) Sahani ijazwe mboga kwa nusu yake, na wali, ugali au mbatata visizidi robo. Futari na karamu zisiwe sababu ya kuusahau utaratibu huo.

(d) Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema, aulizie kipimo cha sukari, na nyumba nzima ishirikiane katika lishe yake.

(e) Mtoto mwenye kiu kali, anayekojoa sana na anayekonda apimwe sukari siku hiyo hiyo.

(f) Mgonjwa asiache dawa kwa kujiona mzima, na aiangalie miguu yake kila siku.

Kila tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Frederick Banting, ulimwengu huiadhimisha Siku ya Kisukari Duniani. Maadhimisho hayo yatakuwa na maana pale mume atakapomuongoza mke wake mjamzito kliniki, mwalimu wa skuli atakapokataza soda dirishani pake, na kijana atakapomtembeza mzee wake jioni. Anayepimwa leo na kuambiwa sukari yake ni salama hajapoteza muda. Amepata kujua amefika wapi katika safari ambayo alikwisha kuianza kabla ya kuzaliwa, na bado ana nafasi ya kuchagua njia iliyobaki.